Kauli ya Mtani

Jumanne, saa nne asubuhi, gitaa la baba lilininyamazia mikononi. Nilikuwa nimepiga sauti tatu za mwanzo, zile za kumwita mpiga besi, na ya nne haikutoka. Uzi ulitetemeka, niliuona kwa macho na niliuhisi kwenye kidole, lakini sauti hakuna.

"Umeuziba?" aliuliza mzee Luhwago. Huyo ndiye mpiga besi wetu, ana miaka sabini na moja, na tangu nimfahamu hajawahi kukosea pigo.

"Sijaziba kitu. Hebu piga wewe."

Akapiga. Gitaa lake la besi kwa kawaida hutingisha mabati ya paa, maana ukumbi wetu zamani ulikuwa ghala la mahindi. Safari hii mabati hayakuwa na habari. Tukatazamana. Tukizungumza tulisikiana vizuri, na kuku wa jirani tulimsikia akihangaikia yai lake, ila kila tulipogusa ala, hewa iliimeza.

Hali hiyo kila mtu wa Iringa anaijua, kwa sababu nje ya ukumbi wetu mji mzima uko hivyo tangu wale wa kampuni ya Nguzo Kumi walipokabidhiwa hewa. Nguzo zao zimesimama kila mtaa, na kila nguzo ina sikio. Ikisikia mapigo yanayojirudia, inatoa sauti ileile iliyopinduliwa, yako na yao zinakutana njiani na kuuana. Maneno inayaacha. Muziki wenye kibali inauacha pia, na kibali ni chao. Tiketi ni zao, vipaza sauti ni vyao, kumbi mia moja na arobaini ni zao, na wanamuziki, Mungu awasaidie, nao ni wao. Huko Kihesa wanawake wawili wakitwanga kwa kupokezana, kinu kinanyamaza. Siku hizi wamejifunza kutwanga ovyo, kila mmoja kivyake, kama watu waliogombana.

Ukumbi wetu wa Kihwele ulikuwa na kinga. Sheria iliziacha kumbi zilizokuwa mali ya familia kabla ya nguzo kusimikwa, mradi zisibadilishe mwenyewe. Kumbi za namna hiyo Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kumi na mbili. Nyingine ziliuzwa, nyingine wenyewe walikufa bila mrithi, tukabaki sisi. Watu walitoka Mafinga na Njombe kuja kufungia harusi kwetu, shangazi na kwaya ya mtaa nyuma, ili tu waimbe kwa midomo yao wenyewe na wajisikie. Mwenyewe wa ukumbi alikuwa baba. Tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo, na mrithi ni mimi, Twilumba, mwanawe wa pekee.

"Nguzo imekosea," nilimwambia mzee Luhwago. "Namwita Mngoni aje aone."

Mngoni ni Gaudensi Mbano, fundi mitambo wa bendi yetu ya Lukosi Jazi kwa miaka ishirini na miwili. Nilimpigia mara nne, hakupokea. Aliyekuja ni binti mwenye koti la kijivu la Nguzo Kumi, akabisha hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Nguzo yenu imetuingilia ukumbini."

"Haijakosea, mama. Ukumbi umebadilisha mwenyewe, kwa hiyo kinga imekoma leo saa nne."

"Umebadilisha mwenyewe kwa kauli ya nani?"

Yule binti alifungua kiganja. Ndani ya kiganja chake nikaisikia sauti yangu, inacheka, imejaa machozi na makamasi: Chukua, Mngoni. Chukua ukumbi, chukua nyimbo za baba, chukua na jina la bendi. Natoa kwa hiari yangu, watu wote hawa wananisikia.

Mzee Luhwago akakaa chini, juu ya spika.

"Kiwango cha hiari ni tisini na tisa kwa mia," binti alisema, na nadhani alitaka kunifariji. "Tangu nianze kazi hii sijawahi kukiona, mama."

*

Kwa asiyezijua kauli, jambo lenyewe ni rahisi. Mashine zilipojifunza kughushi sahihi, kisha sura, kisha sauti, karatasi ilikufa. Mtu aliweza kuamka akakuta ameuza shamba kwa picha inayomwonyesha akitabasamu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Kauli: mkataba ni neno la mtu aliye hai, mbele ya mashahidi watatu, likinaswa na kinasa. Kinasa ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Hakisikilizi maneno tu, kinasikiliza pumzi na moyo pia, kwa sababu mashine inaweza kuiga sauti yako lakini haiwezi kuuiga moyo wako ukiwa mbele yake. Aliyetishwa, moyo unasema. Mwenye shaka, moyo unasema. Anayetoa kwa moyo mweupe, nao unasema vilevile.

Sharti ni kwamba kinasa kionekane. Cha Gaudensi kilionekana. Mafundi mitambo wote huvivaa shingoni kwa ajili ya mikataba ya harusi, na chake nilikuwa nimekizoea hata nisingeweza kukuambia kina rangi gani.

Sasa siku ya mazishi. Tangu baba akate roho nilikuwa sijalia. Watu walisema nina roho ya Kihehe, mimi nilijua nimekauka tu. Tulipotaka kulitoa jeneza alasiri ile, mlango wa ukumbi ukawa umezibwa. Wangoni wamelala kizingitini, sita au saba, na mbele yao amesimama Gaudensi ndani ya koti la baba na kofia ya baba, mkononi ufagio ameushika kama gitaa. Akaanza kukaza nyuzi za ufagio, mdomo wazi na kichwa upande, vilevile baba alivyokuwa akikaza nyuzi. Watu wakaangua kicheko. Mzee Luhwago alicheka mpaka akashikilia jeneza.

"Nyie Wahehe mnazika leo, au mnamsubiri arudi?" Gaudensi aliniuliza.

"Tunasubiri Wangoni mmalize kula."

"Hapiti mtu hapa. Marehemu ameniachia huu ukumbi. Tulizungumza jana."

"Jana alikuwa mochwari."

"Ndiko tulikozungumzia, pametulia. Akasema ukumbi wangu, nyimbo zangu, jina la bendi langu, na huyu binti yake mkorofi awe ananipikia ugali. Unatoa au hutoi? Na useme ni kwa hiari yako, maana nyie tukishawapiga mnakwenda kulalamika mmeibiwa. Tangu enzi za mababu mko hivyo."

Nikacheka. Ndani ya kile kicheko kilio kikafunguka, nikalia na kucheka pamoja, nikahisi baba amekufa kweli na mimi nitaishi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna mwingine anayeiweza. Padri hawezi, ndugu hawezi. Nikamjibu jinsi mama alivyowajibu watani wake na bibi alivyowajibu wake, nikampa vyote, nikaongezea na ugali.

Gaudensi alinitazama kidogo, halafu akaangalia viatu vyake. Nilidhani na yeye anamlilia baba. Wangoni wakaondoka mlangoni, tukaenda kuzika.

*

Yule binti alipoondoka nilimfuata Gaudensi kwake Ipogolo, nikamkuta ameketi uani kwenye kigoda anamenya karanga. Nilikuwa sijalifikia geti bado aliposema, bila kugeuka, "Karibu, Mhehe. Unaburuza mguu wa kulia."

Mtu huyo kwa miaka mitatu nilikuwa namwita mara tatu ndipo anageuka. Nilikuwa nikimwambia ana kiburi cha Kingoni, na yeye alikuwa akikubali.

Nyuma ya kila sikio lake palikuwa na kibati chembamba, na ngozi kuzunguka vile vibati ilikuwa bado nyekundu.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Kupungua, miaka mitatu. La kushoto kwanza. La kwanza kunipotea lilikuwa gitaa la baba yako, zile sauti za juu. Nilidhani amezeeka anapiga taratibu. Kumbe ni mimi." Alimenya karanga nyingine na kuiweka sahanini. "Mwaka jana wote nilikuwa nachanganya muziki kwa kiganja. Naweka mkono kwenye spika, nasoma mtetemo. Hamkujua."

"Hatukujua."

"Masikio ya hospitali yanasikia maneno tu, Mhehe. Ukipiga gitaa unasikia mtu anakwaruza sufuria. Ya muziki wanayo wao peke yao, ni hakimiliki yao, na hawayauzi. Wanawapa watu wao."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini? Ungenionea huruma?"

"Ningekutania," nilisema. "Ningekutania mpaka ukome. Fundi mitambo kiziwi, Mngoni, mwaka mzima ningekula kwa huo utani. Halafu tungetafuta njia."

Alitaka kucheka. Nilimwona akitaka kucheka, nikamchukia kwa hilo kuliko kwa ukumbi.

"Wangeuchukua tu," alisema. "Umebaki peke yako. Mwaka huu, mwaka kesho, wangeuchukua."

"Pengine. Lakini si kwa mdomo wangu. Na si siku ile, Gaudensi. Umevaa koti lake."

"Hakuna siku nyingine ambayo ungesema bila moyo kushtuka."

Alilisema polepole, kama fundi anayekueleza kwa nini amekata waya huu na si ule. Kwa hiyo alikuwa amelifikiria. Alikaa mahali, akapima mioyo yote niliyonayo, ya furaha, ya hasira, ya woga, akachagua ule ambao mtu huwafungulia watani wake tu. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo mbele ya watu. Nilisimama pale nikatafuta tusi, na mimi si mtu wa kukosa tusi, nikalikosa. Nikaondoka na mguu wangu wa kulia.

*

Wakili Yusta Mwalongo ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Alisikiliza kauli yangu mara mbili, akafungua shauri, akaniomba funguo za ukumbi na siku tatu. Siku ya tatu aliniita, nikamkuta anatembea huku na huko badala ya kuketi.

"Mama Twilumba, Gaudensi alipofiwa na mama yake kule Songea, ulikwenda?"

"Bendi nzima tulikwenda. Nililala mlangoni kwake."

"Akakuambia nini?"

"Nitakumbuka wapi? Upuuzi. Na mimi nilimwambia upuuzi."

"Kinasa chake kinakumbuka. Kila anachokinasa kinahifadhiwa kwenye mitambo ya ukumbi wako, na hajafuta hata kimoja." Akanifungulia. Sauti ya Gaudensi, imekwaruzika kwa kulia, na nyuma yake watu wanacheka: Mhehe, nilicho nacho na nitakachokuja kupata, vyote vyako, kwa hiari yangu, ila toka mlangoni tumtoe mama. "Hiari tisini na nane," wakili alisema. "Mashahidi kijiji kizima. Sasa angalia. Ukumbi ulitoka kwako ukaenda kwa Gaudensi, ndipo Gaudensi akawapa Nguzo Kumi. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo yeye alishakupa kila atakachokuja kupata. Kauli ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Dakika ile alipoupokea ukumbi, ukarudi kwako. Hakuwa na cha kuwapa. Kesi hii tunaishinda kabla ya chai."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikasema asante Mungu, na nilimaanisha.

"Subiri," alisema, naye akakaa. "Nikuambie na upande wa pili, maana nisipokuambia na mimi nitakuwa mwizi. Ili ushinde, mahakama lazima iseme kwamba neno la mtani ni mkataba. Haijawahi kusema. Hakuna aliyewahi kuiuliza."

"Na ikisema?"

"Nguzo Kumi wana kumbi mia moja na arobaini, na kila ukumbi una vinasa kutani. Kila harusi iliyofanyika humo, kila msiba, kila mkesha wa bendi. Wana vicheko vya nchi nzima ghalani. Msukuma amempa Mzaramo ng'ombe wake. Mpare amemwachia Mchaga shamba. Wapiga magitaa wamegawiana nyimbo, wamegawiana majina. Nani kati yetu hajawahi kumpa mtani wake kila kitu? Wanachokosa ni hukumu moja tu. Wakishaipata wanawafuata hao watani mmoja mmoja, wanawanunua kama walivyomnunua huyu wako. Ukiwaachia, wamepata ukumbi. Wewe ukiwashinda, wamepata nchi."

"Basi nitasema utani si mkataba."

"Mbele ya tisini na tisa? Jaji atakuuliza kama ulitoa kwa hiari, na kinasa kitajibu kabla yako. Utashindwa, na hukumu itakuwa ileile."

"Na nikikaa kimya?"

"Ukiondoa shauri hakuna hukumu. Ukumbi unakwenda."

"Watamtafuta mwingine mwenye hasira kama yangu."

"Huenda," alisema wakili.

Nilikwenda kwa mzee Luhwago nikamweleza yote, kwa sababu ukumbi ni wangu lakini maisha ni ya wote waliopiga humo. Alinisikiliza hadi mwisho huku akisugua goti.

"Chukua ukumbi, mwanangu," alisema. "Utani umekuwepo kabla ya serikali na utazikuta serikali nyingine. Watu watajifunza kufunga midomo, basi. Mimi sina muda wa kujifunza. Nataka niisikie besi yangu mpaka siku ya kufa. Naomba hilo tu, na sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hajawahi. Nilimwahidi nitauchukua.

*

Mahakama ya Kauli iko ghorofa ya pili. Tulifika mapema, tukasubiri kwenye veranda, mimi na wakili na mzee Luhwago aliyevaa suti yake ya jukwaani. Upande wa pili alikaa Gaudensi, na pembeni yake mwanasheria wa Nguzo Kumi, kijana mtulivu, kinasa kifuani kimemulika kijani.

Pale verandani walikuwapo makarani wawili, mwanamume wa makamo na mwanamke aliyebeba mafaili. Mwanamume alikuwa amevaa sweta jipya.

"Hilo sweta langu, Msukuma," mwanamke alisema akipita. "Livue."

"Chukua. Chukua na suruali, Mzaramo, nyie si mmezoea kuvaa vya watu."

"Na nyumba yako ya Mwanza?"

"Chukua, na mke wangu utamkuta ndani, atakueleza."

Wakacheka wote wawili, akaendelea na mafaili yake. Hakuna aliyewajali, ni jambo la kila siku kazini. Ila yule kijana wa Nguzo Kumi alikuwa amegeuza kifua chake kidogo kuwaelekea, kama mtu anayeota jua. Hakuwa na haraka yoyote. Taa ya kijani iliwaka ikazima, ikawaka ikazima, ikihesabu mioyo yao. Na mioyo yao, nina hakika, ilikuwa myeupe tisini na kitu.

Nilimtazama yule karani wa sweta. Nilijiuliza ni msiba gani wake wa kwanza atakaokaa nao akiwa amekauka, kwa sababu mtani wake ataogopa kufungua mdomo, na yeye ataogopa kujibu. Nilijua kukauka kulivyo. Nilikuwa nimekaa nako siku tatu tu, na nilidhani nimekufa mimi.

Tukaitwa. Jaji alikuwa mama mzee mwenye sauti ndogo. Akasoma majina, akaniuliza kama nina ushahidi wa kuweka mbele yake. Wakili Mwalongo alinitazama akiwa ameishika kauli ya Songea mkononi. Upande wa pili kijana wa Nguzo Kumi hakuonekana na wasiwasi hata chembe, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa anajua tulichonacho na alikuwa anakingojea.

Nikasimama. Nilitaka kusema maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu Ipogolo, mengine makali kabisa.

"Mheshimiwa, naondoa shauri langu," nilisema.

"Una hakika? Halirudi tena."

"Nina hakika."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hapana, Mheshimiwa." Kinasa cha mahakama kilinguruma mezani kwake. Sijui kilisoma ngapi, na sikuuliza. Najua hakikusoma tisini na tisa.

Kijana wa Nguzo Kumi aliandika kitu, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyepoteza. Nyuma yangu kiti kilisogea. Nilipogeuka mzee Luhwago alikuwa amefika mlangoni, koti la suti mkononi, na hakunitazama. Mpaka leo hanijibu simu. Simlaumu. Nilimwahidi, na nilimsaliti mbele ya macho yake, kwa ajili ya makarani ambao sijui hata majina yao.

*

Ijumaa nilikwenda kukabidhi funguo. Mafundi wa Nguzo Kumi walishaanza kutoboa kuta kuweka vinasa vyao. Gaudensi ndiye mkuu wa mitambo sasa, Nyanda za Juu Kusini zote, na alikuwa ananisubiri nje ya mlango mkubwa, peke yake.

"Kwa nini hukuitumia?" alianza, kabla sijafika. "Kauli ya Songea. Niliiacha pale makusudi. Ningeweza kuifuta, nina miaka ishirini na miwili kwenye hiyo mitambo. Niliiacha ili uikute. Mimi ningepata masikio, wewe ungebaki na ukumbi wako. Nilipanga hivyo tangu mwanzo, Mhehe. Sikukutupa."

"Walikuambia hukumu ingewapa nini?"

Ndani mtu alikuwa anatoboa ukuta, na kila aliposhika mpigo mmoja, ile sauti ilikatika, akaanza upya.

"Walisema ni mambo ya wanasheria," alisema.

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza."

Kwa hiyo alijua. Hakutaka kujua, lakini alijua, na alikuwa ameniwekea ule mlango wa nyuma kama zawadi, nami ningeupita nikifurahi, na nchi nzima ingekuwa imeuzwa kwa mkono wangu. Nilidhani siku ile ya Ipogolo nilikuwa nimefika chini kabisa. Kumbe nilikuwa na ngazi moja ya kushuka.

Alijikohoza. Akajaribu kutabasamu, lile tabasamu la mlangoni pa msiba.

"Haya, toa funguo basi. Nyie Wahehe tukiwapiga huwa mnaficha funguo, ndiyo maana mababu zetu walivunja milango."

Lilikuwa zuri. Siku nyingine ningemjibu hapohapo, jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza.

"Funguo hizi hapa, Bwana Mbano," nilisema, nikampa kwa mikono miwili. "Mlango mkubwa unakwama, tafadhali unyanyue kidogo ndipo uzungushe. Swichi kuu iko kushoto, utaikumbuka."

"Mhehe."

"Nakushukuru kwa kazi yote uliyotufanyia, Bwana Mbano. Marehemu baba alikuheshimu. Unisalimie mkeo na watoto."

Uso wake ulibadilika. Alisimama na funguo mkononi, ameinamisha kichwa kidogo upande wangu kama mtu anayetafuta kitu kwenye mawimbi ya redio, na masikio yale yaliweza kusikia uzi wa gitaa toka mtaa wa pili. Alikuwa anasubiri.

"Nitukane basi," alisema.

"Siku njema, Bwana Mbano."